Usimwambie Mtoto Kwamba Simba Wake Si Simba

Mpwa wangu alikuwa na miaka tisa alipokuja kukaa kwangu likizo moja ya mwaka 2019, na alikuja na filamu moja tu mdomoni: The Lion King, ile mpya ya Jon Favreau. Alikuwa ameshaiona mara mbili. Alinisimulia mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama katikati ya sebule, mikono yote miwili ikifanya kazi, na alipofika pale Mufasa, baba yake Simba, anaponing'inia kwenye jabali kisha anaangukia katikati ya nyumbu, alishusha sauti kama mtu anayepeleka habari ya msiba.

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamwambia, "Hiyo siyo yenyewe, mwanangu. Yenyewe ni ya mwaka 1994. Hiyo yako wametengeneza tu kwa kompyuta."

Sikuishia hapo. Jioni hiyohiyo nikaitafuta ile ya zamani, nikamkalisha, na kila baada ya dakika chache nikawa namwonyesha kitu. Unaona uso wa Scar, yule adui, unavyocheza? Unaziona zile nyusi? Kwenye yako simba ana uso wa simba tu, huwezi kujua amekasirika au ana usingizi. Ulipofika ule wimbo wa Scar na fisi wake, nikamwambia kwamba kwenye yake wameukatakata, umebaki kipande cha kuzungumzazungumza. Hata majina nilimfundisha upya, kwamba sisi tunaozungumza Kiswahili filamu hii inatuhusu kuliko wengine, maana mtoto anaitwa Simba na yeye ni simba, mganga anaitwa Rafiki, na Pumbaa ni kiumbe aliyepumbaa kweli. Kana kwamba mwenyewe hakuwa ameyasikia.

Yote niliyosema yalikuwa kweli, na nilikuwa na miaka 25 ya kuipenda filamu ile. Ilipoisha akaniambia, "Ni nzuri, mjomba," akaenda kulala. Hakunisimulia tena filamu yoyote kwa karibu miaka miwili.

Mimi kutazama filamu nimefundishwa na kaka yangu. Alinizidi miaka kumi, na kwa hiyo nilipoanza kuelewa mambo yeye alikuwa ameshaona kila kitu. Sisi wadogo tulikuwa na swali moja tu tunapoingia katikati ya picha: steringi nani? Ukishamjua steringi, mengine yote yanakaa sawa, kwa sababu steringi hafi. Kaka alikuwa haulizi hivyo. Yeye alikuwa na neno moja alilolirudia miaka yote: "Mtazame anayesikiliza."

Nililielewa siku aliponionyesha The Godfather, ya mwaka 1972. Kuna sehemu Michael Corleone amekaa mgahawani na watu wawili aliokuja kuwaua. Mmoja wao, Sollozzo, anazungumza naye kwa Kiitaliano, na filamu haikupi tafsiri yoyote chini ya picha. Kwa mtu asiyejua lugha ile maneno hayana kazi kabisa. Kamera imetulia usoni kwa Al Pacino, na uso wake haufanyi lolote isipokuwa macho, yanayokwenda kushoto na kulia kama ya mtu anayetafuta mlango, huku mlio wa treni ukipanda hadi unafunika kila kitu. Anayeongea ni mwingine, ila filamu nzima imehamia kwa yule aliyenyamaza. Kaka aliirudisha nyuma sehemu ile mara tatu. Tangu siku hiyo uigizaji kwangu haukuwa tena suala la nani anapiga kelele sana.

Kwa hiyo lilipokuja suala la mpwa wangu nilimpigia kaka simu kama mtu anayepeleka mashtaka mahali atakaposhinda. Nilimweleza kwamba watoto wa siku hizi wanalishwa makombo, kwamba watengenezaji wameishiwa, kila mwaka ni kurudia na kurudia, na kwamba mtoto wa dada yetu anadhani The Lion King imezaliwa mwaka 2019.

Aliniuliza filamu ninayoipenda kuliko zote ni ipi. Alikuwa anaijua, nilikuwa nimeitaja maisha yangu yote. Scarface. Al Pacino, Tony Montana, mkimbizi wa Cuba anayefika Miami mwaka 1980 bila kitu na kuondoka duniani akiwa na kila kitu.

"Iweke pale mwisho kabisa," akaniambia. "Amekwisha kuangukia kwenye maji. Usizime. Soma."

Nilisoma. Maandishi yanasema filamu ile imetolewa kwa heshima ya Howard Hawks na Ben Hecht. Nilikuwa nimeiona filamu ile mara nyingi kiasi cha kuijua kwa moyo, na majina yale mawili yalikuwa yamepita mbele ya macho yangu kila mara bila kuniuliza chochote, wala mimi kuyauliza.

Howard Hawks aliongoza Scarface ya mwaka 1932. Ben Hecht ndiye aliyeiandika. Pale mtu anaitwa Tony Camonte, anaigizwa na Paul Muni, jiji ni Chicago na biashara ni pombe ya magendo. Hata yale maneno yanayomzuga Tony Montana, yale yanayosema dunia ni yako, yalikuwa yameshawaka kwenye tangazo la taa nje ya dirisha la Tony Camonte miaka 51 kabla. Filamu niliyoiita yenyewe ilikuwa marudio. Na ilipotoka mwaka 1983 watu wazima wa wakati ule waliitukana. Brian De Palma, aliyeiongoza, alitajwa kwenye zile tuzo za Razzie miongoni mwa waongozaji wabovu wa mwaka. Walikuwepo watu waliokaa sebuleni kwao wakiwaambia vijana kwamba hiyo siyo yenyewe.

Kaka hakunicheka. Aliniuliza tu, "Sasa ungekuwa na miaka tisa, ningekwambia nini?"

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu ambao ninaufuata hadi leo. Filamu iliyorudiwa naitazama mpya kwanza, ya zamani baadaye, na ninapotazama mpya ni mwiko kuitaja ya zamani, hata kimoyomoyo. Si rahisi. Kumbukumbu ni kitu chenye makelele. Lakini utaratibu huo umenionyesha mambo ambayo nisingeyaona nikiwa nimeshika silaha.

Psycho ndiyo iliyonifungua zaidi, kwa sababu ni jaribio safi. Mwaka 1998 Gus Van Sant alichukua filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 akairudia karibu picha kwa picha, kamera ikikaa palepale na maneno yakiwa yaleyale. Aliongeza rangi na akabadili waigizaji. Kama filamu ingekuwa ni mpangilio wa picha tu, mbili hizi zingekuwa sawa. Nilitazama ya Van Sant, nikaitazama ya Hitchcock, kisha nikarudi kwenye kipande kimoja: mpelelezi amefika hotelini, anataka kuona daftari la wageni, na Norman Bates, mwenye hoteli, anainama juu ya daftari kusoma. Kwa Hitchcock kamera iko chini ya kidevu cha Anthony Perkins, na Perkins anatafuna peremende. Unaona koo. Unaona lile fundo la koo likipanda na kushuka, kama shingo ya ndege anayedonoa. Anaogopa na anatafuna, na kile kitendo cha kutafuna kinamfanya aonekane mtoto na mnyama kwa wakati mmoja. Vince Vaughn alipewa kamera ileile, chumba kilekile na maneno yaleyale, ila woga wa Perkins ulikuwa mali ya Perkins, na hakuna mwongozaji anayeweza kumpa mtu mwingine koo la mtu.

Basi nikaanza kuona kwamba marudio mabaya si yale yanayobadilisha. Mengi yanakufa kwa sababu mwigizaji anamwigiza mwigizaji aliyemtangulia badala ya kumwigiza mhusika.

Tazama Vito Corleone, baba wa yule Michael wa The Godfather. Marlon Brando alimcheza akiwa mzee mwaka 1972, na miaka miwili baadaye, kwenye sehemu ya pili, Robert De Niro akamcheza akiwa kijana. De Niro aliazima ile sauti ya mikwaruzo, kidogo tu. Yaliyobaki ni yake: utulivu wa mtu mgeni anayepima chumba kabla hajakaa. Wote wawili walipewa Oscar kwa mtu yuleyule mmoja, na sehemu ile ya pili ikawa filamu ya kwanza ya mwendelezo kushinda tuzo ya filamu bora. Jambo hilo la wawili kushinda kwa mhusika mmoja halikurudi hadi Joker, yule adui wa Batman, Heath Ledger kwa filamu ya mwaka 2008, naye akiwa ameshafariki, na Joaquin Phoenix kwa ile ya mwaka 2019. Mimi na kaka tulibishana sana kuhusu hao wawili. Mimi nilikuwa wa Ledger na bado niko naye, kwa ajili ya kipande kimoja: yuko mahabusu, polisi wanampongeza mwenzao aliyepandishwa cheo, na yeye ndani ya chumba cha vyuma anapiga makofi polepole bila tabasamu hata kidogo. Anayesikiliza. Lakini Phoenix hakumgusa Ledger popote, hakuchukua hata kucheka kwake, na leo nakubali kwamba huo ulikuwa ujasiri.

Upande wa India nilijifunza kitu kingine kabisa. Don ya mwaka 1978, ya Amitabh Bachchan, naijua vizuri: jambazi mkuu anakufa, polisi wanamchukua mtu wa kawaida anayefanana naye, Vijay, wanampenyeza kundini ajifanye yeye. Mwaka 2006 Farhan Akhtar akairudia na Shah Rukh Khan. Baba yake, Javed Akhtar, ni mmoja wa wawili walioandika ile ya kwanza, kwa hiyo mtoto alikuwa anaingia kwenye nyumba ya baba yake. Hii sikuweza kuitazama kwa utaratibu wangu kwa sababu ya zamani nilikuwa nimeshaila na kuimeza. Nikatulia, najua kila kinachokuja. Yule ni Vijay, masikini, kaponea chupuchupu. Yule ni Vijay tena, anakaribia kugunduliwa. Nilimwonea huruma saa mbili nzima. Halafu dakika za mwisho filamu inakufunulia kwamba Vijay alikufa kitambo, na uliyekuwa unamwonea huruma ni Don mwenyewe.

Niliruka kwenye kiti. Mtu asiyeijua ile ya 1978 anaweza kushangaa, ila hawezi kudanganyika kama nilivyodanganyika mimi, kwa sababu mimi nilidanganywa na kumbukumbu yangu mwenyewe. Yule kijana alijua ninachokikumbuka, akakitumia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka kaka na Terminator. Nikiwa mdogo alinionyesha ya kwanza, ya mwaka 1984, siku ya kwanza, na ya pili, ya mwaka 1991, kesho yake, na katikati akanikataza kusoma hata maneno ya juu ya kasha. Kwenye ya kwanza Arnold Schwarzenegger ndiye mashine ya kuua. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake, mvulana John anakimbia kwenye ukumbi mwembamba, mbele yake anatokea Arnold akiwa amebeba kasha la mawaridi, anatoa bunduki ndani yake, mawaridi yanaanguka sakafuni na buti lake linayakanyaga. Nyuma ya mvulana amesimama polisi. Nilipiga kelele mvulana akimbilie kwa polisi. Arnold akamwambia ainame, akampiga risasi polisi, na polisi hakufa.

James Cameron, aliyeziongoza zote mbili, alikuwa anaujua usingizi nilioukosa usiku uliotangulia. Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa mwendelezo mzuri ni upi, siangalii bajeti wala milipuko. Naangalia kama filamu inaheshimu kile ambacho mtazamaji amekuja nacho. Inaweza kukipindua, inaweza kukivunja, lakini isijifanye hakipo.

Na hapa nina machungu yangu, nitayasema. Mwaka 1986, kwenye Aliens, Ripley anashuka peke yake hadi kwenye shimo la yule mama wa majitu kumchukua binti mdogo, Newt. Sigourney Weaver alitajwa kuwania Oscar kwa kazi ile na alistahili. Ukitoka pale umechoka kama wewe ndiye uliyembeba mtoto. Mwaka 1992 ikaja Alien 3, na kabla hujakaa vizuri chombo kimeanguka, Newt amekufa usingizini. Basi. Yale yote yalikuwa ya bure. Mwaka 2019 Terminator: Dark Fate ikafanya vilevile: John Connor, yule mvulana wa mawaridi, anapigwa risasi dakika za mwanzo ili nafasi yake ichukuliwe na mwingine. Wapo wanaosema huo ni uhalisia, kwamba maisha ndivyo yalivyo. Mimi naona ni kumwambia mtu kwamba machozi yake ya jana yalikuwa makosa ya hesabu. Kumuua mhusika ni haki ya mwandishi, lakini kumuua mlangoni ili apishe njia ni kumdharau yeye na aliyempenda.

Kaka alifariki mwaka 2021. Sitasema mengi kuhusu hilo. Mimi nilikuwepo, ila dada yetu, mama wa mpwa wangu, alikuwa safarini na hakuwahi.

Mwaka uliofuata zilikuja filamu mbili ambazo nilizitazama bila kuwa na mtu wa kumpigia simu. Top Gun: Maverick ilikuwa ya kwanza, miaka 36 baada ya ile ya 1986. Nilikwenda bila matumaini makubwa. Ndege ni nzuri, sawa. Ila kuna chumba kimoja kwenye filamu ile ambamo hakuna ndege. Val Kilmer, Iceman wa zamani, amekaa mbele ya kompyuta. Kilmer mwenyewe aliugua saratani ya koo na sauti yake ikaharibika, na filamu haikuficha: Iceman naye ni mgonjwa, anaandika maneno yake kwenye kioo, na Tom Cruise anayasoma. Nilijikuta namtazama Cruise, namtazama anayesikiliza, na katika chumba kile kusikiliza ni kusoma. Baadaye Kilmer anasimama na kutamka maneno machache kwa sauti iliyobaki. Kaka angeirudisha nyuma mara tatu.

Ya pili ni Wakanda Forever, mwendelezo wa Black Panther. Nilikwenda na dada na mpwa wangu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na mrefu kunifikia bega. Sote tulikuwa tunajua Chadwick Boseman, aliyemcheza mfalme kwenye ile ya kwanza, alifariki Agosti 2020, akiwa na miaka 43, kwa saratani aliyoiuguza kimya. Watengenezaji walikataa kumweka mwigizaji mwingine avae nguo zake. Sijui wengine walitegemea nini. Mimi nilitegemea kwamba watalisema jambo hilo kwa adabu katikati ya mapigano na kuendelea.

Filamu inaanza gizani. Unasikia sauti ya Shuri, dada wa mfalme, anaomba. Kisha yuko maabara, anakimbizana na mashine zake kutafuta dawa ya kumwokoa kaka yake, anatoa amri, anahesabu, anakataa kushindwa. Mfalme hatumwoni kabisa. Mama yao anaingia taratibu, na Shuri bado anaongea na mashine. Mama anamwambia kaka yako yuko na wahenga. Shuri hakuwa kando yake. Alikuwa chumba kingine, anafanya kazi.

Dada alinishika kifundo cha mkono. Hakusema neno, hakulia kwa sauti, alinishika tu, na hakuniachia mpaka ilipopita nembo ya Marvel, ambayo safari hiyo ilikuja bila muziki wowote, imejaa picha za Boseman tu. Ukumbi mzima ulikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia mtu akimeza mate.

Filamu ile ina kasoro. Ni ndefu, ina watu wengi wanaokuja kutambulishwa kwa ajili ya filamu nyingine, na vita vya mwisho vingeweza kupunguzwa nusu. Angela Bassett anaibeba begani. Lakini mwishoni Shuri anakaa peke yake ufukweni mbele ya moto, anachoma nguo zake za msiba, jambo alilolikataa mwanzoni mama yake alipomtaka walifanye pamoja, na zinapita picha za kaka yake bila sauti. Haigizi chochote Letitia Wright pale. Amekaa tu, machozi yanashuka. Ndipo dada akalia kwa sauti, na hakuna aliyegeuka kumtazama kwa kuwa hakuwa peke yake.

Tulipotoka, mpwa wangu alitembea kando yangu kimya kwa muda. Kisha akaniambia, "Mjomba, ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Lakini hii ndiyo ya kweli zaidi." Akanieleza kwa nini, na alieleza kwa muda mrefu, mikono yote miwili ikifanya kazi. Sikumkatiza. Sikumwonyesha kitu chochote. Nilikuwa na mambo manne au matano ya kumsahihisha na yote niliyaacha yapite.

Usiku ule nilimwomba radhi kuhusu The Lion King. Sikutegemea kama angekumbuka. Alikumbuka vizuri. Aliniambia kilichomuuma si kwamba nilisema yake ni mbaya. "Ulisema siyo yenyewe," akaniambia, "na mimi nilikuwa nimelia kwa ajili ya Mufasa. Nikawa najiuliza basi nililia kwa ajili ya nani."

Hakuna mtu aliyewahi kunieleza kosa langu kwa usahihi kama huo. Nilikuwa nimemfanyia yale ambayo Alien 3 ilinifanyia mimi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia usiku ule, kwa sababu nilishindwa. Siku ile ya mwaka 2019, nilipokuwa namwonyesha nyusi za Scar na kuhesabu nyimbo zilizokatwa, kulikuwa na kitu kimoja nilichokijua na sikukisema. Nilikijua kabla hata filamu haijatoka. Nilinyamaza kwa kuwa hakikunisaidia kwenye hoja yangu.

Mwezi wa tisa mwaka 2024 nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwake. Alikuwa na miaka kumi na minne.

"Mjomba, Mufasa amefariki."

Alikuwa anamzungumzia James Earl Jones. Miaka 93. Kabla sijajua nijibu nini ukaingia ujumbe wa pili.

"Ni yuleyule, mjomba. Wa kwako na wa kwangu. Kumbe ni mtu mmoja."

Ndicho nilichokinyamazia. Mwaka 1994 Mufasa alizungumza kwa koo la James Earl Jones, na mwaka 2019, miaka 25 baadaye, Jones akiwa na miaka 88, Favreau alimrudisha azungumze tena. Kila kitu kingine nilichokitetea siku ile kilikuwa kimebadilika, na kile kimoja ambacho mtoto alikuwa amekipenda zaidi, yule baba, hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Alikuwa amelia kwa ajili ya Mufasa mwenyewe. Nilimpigia simu nikamwambia kwamba nilikuwa najua. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuja wikendi.

Alikuja. Hatukutazama filamu nzima. Alitaka kipande kimoja tu, pale usiku Mufasa anapomwambia mwanawe kwamba wafalme waliopita wanatuangalia kutoka kwenye nyota. Akasema tukiweke cha zamani kwanza, halafu kipya, na tufumbe macho ili nyuso zisituchanganye.

Tulifumba macho. Kilipita cha kwanza, sauti nzito, pana, ya mtu aliyesimama imara. Kikapita cha pili. Maneno yanakaribiana, lakini sauti imeshuka, ina vumbi, kila neno linatoka polepole kama mtu anayepanda ngazi na kupumzika.

"Huyu wa pili amezeeka," mpwa wangu akasema, macho yake bado yamefumbwa. "Anaongea kama anajua."

Akaomba nirudishe nyuma.